Mara ya Kwanza Kwenye Launji ya JKIA? Uliza Bei ya Mgeni Mapema

Wengi wetu tukipita mlango wa launji pale JKIA hudhani ni ya mabwanyenye. Si lazima. Kuna wanaoingia kwa tiketi ya daraja la juu, wengine kwa kadi ya benki, na baadhi ya launji hukubali ulipe mlangoni. Pasi ya kupandia ndege iwe mkononi.

Shida huanzia mapokezi. Kadi ikipitishwa unaona mmeingia bure, kumbe umelipiwa wewe tu. Ada ya mgeni wako huenda ikakatwa baadaye, tena kwa dola, wakati ushafika safari. Tunakushauri uulize kabla hujatoa kadi: naingia kwa ngapi, huyu je, na tunaruhusiwa kukaa muda gani? Nyingi huweka kikomo, mara nyingi saa 3 hivi.

Ukishaingia, chai na chakula cha kujipakulia viko ndani ya bei hiyo, kwa hivyo pakua bila aibu. Vinywaji vingine hulipiwa kando. Ila usizame sana kwenye kochi! Launji nyingi hazitangazi ndege. Weka alamu kwenye simu, maana geti hufungwa kabla ya saa ya kuondoka.