Kipimo cha Tone Moja la Damu

Musoma, Bunda na Butiama zimo katika Mkoa wa Mara, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Ni nchi ya samaki, mihogo na pamba. Lakini ni nchi ya mbu pia, na malaria haikosekani.

Zamani, mtoto aliposhikwa na homa katika kijiji kilicho mbali na hospitali, watu walisema mara moja, "Ni malaria," naye akapewa dawa ya malaria. Lakini si kila homa ni malaria. Homa ya mapafu nayo huchoma mwili, na dawa ya malaria haiiponyi. Basi mtoto aliweza kufa hali amekwisha kunywa dawa.

Vijidudu vya malaria hukaa katika damu. Daktari Mfaransa, Laveran, aliviona kwa hadubini huko Algeria mwaka 1880. Hadubini ni chombo chema, ila yataka mtu aliyefundishwa sana, tena si kila zahanati inayo.

Kwa hiyo kimetengenezwa kipimo kidogo, chenye urefu wa kidole, kitumiwacho mara moja kisha kikatupwa. Mwuguzi husafisha kidole cha mgonjwa, hukichoma kwa sindano mpya, na kutia tone dogo la damu katika kipimo. Kisha huongeza matone ya maji yenye dawa. Maji hayo huichukua damu katika ukanda ulio ndani, kama mafuta yapandavyo katika utambi wa taa. Mahali pamoja katika ukanda pana kitu kinasacho protini ya vijidudu. Ikinaswa, mstari huonekana. Mstari mwingine ni wa kuthibitisha kwamba kipimo ni kizima.

Baada ya robo saa hivi, kipimo husomwa. Mistari miwili ni dalili ya malaria. Mstari wa kuthibitisha peke yake maana yake malaria haikuonekana. Mstari huo usipotokea, kipimo kimeharibika, na lazima kupima tena kwa kingine.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba kila ashukiwaye kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Lakini kipimo hakiponyi; hutenga homa na homa tu. Mtoto asiyeonekana na malaria asirudishwe nyumbani kana kwamba ni mzima. Achunguzwe tena, maana homa yake ina sababu nyingine, nayo haingoji.