Mafuta ya Jikoni na Moyo wa Mwanadamu

Mara nyingi katika matanga yetu twasikia maneno haya: "Jana alikuwa mzima, akala, akalala." Ajali i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, wala hatuna la kuipinga, lakini kuutunza mwili ni wajibu wetu, na maradhi mengi ya moyo huanza jikoni, miaka mingi kabla ya siku hiyo.

Yafaa tukitazame kisiwa cha Morisi, katika Bahari yetu hii ya Hindi, ambako ndugu zetu Waislamu si haba. Mafuta ya kupikia yaliyotumiwa na watu wengi huko yalikuwa hasa ya mawese. Mwaka 1987 serikali ikayabadili, ikaweka ya soya matupu. Watu hawakukatazwa kukaanga, wala sambusa hazikuharamishwa! Walipopimwa mwaka 1992, wastani wa lehemu katika damu ulikuwa umeshuka kutoka milimoli 5.5 kwa lita hadi 4.7. Mafuta peke yake hayakuifanya kazi yote, bali yalikuwa na sehemu kubwa.

Sababu ni hii. Karibu nusu ya mafuta ya mawese ni shahamu ile igandayo, na ya nazi yamezidi: zaidi ya sehemu nane katika kumi. Shahamu hiyo hulidhoofisha ini katika kuiondoa lehemu damuni, nayo hujikusanya katika kuta za mishipa ya moyo. Soya na alizeti zina zaidi shahamu nyepesi isiyoganda, na hiyo hulisaidia ini katika kazi yake. Namna nyingine ya shahamu nyepesi imo katika vibua na dagaa, chakula ambacho baadhi yetu, ajabu, twaona haya kumwandalia mgeni.

Lakini faida imo katika kubadili, si katika kuongeza. Amiminaye alizeti juu ya samli hakubadili kitu. Tena mafuta mepesi hayavumilii moto wa kurudiwarudiwa. Yaliyokaangiwa bajia siku tatu za Ramadhani, yakawa meusi na kutoa povu, yamekwisha haribika.

Twajua kuwa mama wa nyumba hununua kwa kadiri ya fedha aliyopewa, na mara nyingi alizeti ni ghali kuliko mawese ya kupimiwa dukani. Basi na atie machache katika karai, na siku nyingine samaki wachemshwe kwa ndimu na bizari badala ya kukaangwa.