Tumefika Wangapi?

Bristol ni mji mmoja wenye serikali mbili. Barabara yake kuu, State Street, ndiyo mpaka wenyewe: upande wa kaskazini ni jimbo la Virginia, upande wa kusini ni Tennessee, na katikati ya lami vimepigwa vibao vidogo vya shaba kuonyesha mstari unapita wapi. Kuna mameya wawili, polisi wa aina mbili na shule zinazofuata mitaala miwili. Watu wake huoana na kuzikana bila kumuuliza mtu kwao ni upande gani. Jambo linalowagawa ni mpira wa vyuo. Hapo shemeji hamkubalii shemeji.

Tennessee huvaa chungwa. Chuo kikuu chao kiko Knoxville, kilomita zipatazo 180 kusini-magharibi mwa Bristol. Virginia Tech, chuo kilichoko Blacksburg, umbali unaokaribiana na huo upande wa pili, huvaa damu ya mzee na chungwa lililoungua. Kwa hiyo wote wana chungwa, ila usijaribu kumwambia mshabiki yeyote kwamba chungwa lake linafanana na la mwenzake.

Mpira wenyewe si soka. Ni ule wenye umbo la yai, unaobebwa kwa mikono, wachezaji wamevaa helmeti na mabega ya bandia. Wanaoucheza ni wanafunzi, lakini usiufikirie kama mashindano ya vyuo yanayotazamwa na walimu na wazazi wachache. Uwanja wa Neyland pale Knoxville unabeba watu zaidi ya 100,000, na hujaa. Kuna sababu za kihistoria. Vyuo vyote viwili vilinufaika na sheria ya mwaka 1862 iliyogawa ardhi ya serikali kuu kwa majimbo ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi kwa watoto wa wakulima na mafundi. Chuo cha namna hiyo kikawa mali ya jimbo zima, hata kwa mtu ambaye ukoo wake haujawahi kutoa mhitimu. Tena Tennessee haikuwa na timu ya ligi kuu ya kulipwa hadi mwaka 1997, na Virginia hadi leo hakuna timu ya ligi hiyo inayocheza mechi zake za nyumbani ndani ya mipaka yake. Jumamosi ya vuli ilikuwa ya chuo, na ikabaki hivyo.

Kuna watu wanaokwenda mechini na wasiingie uwanjani. Hilo humshangaza mgeni kuliko mchezo wenyewe. Familia hufika asubuhi, wengine tangu jana yake, wanaegesha gari aina ya pikapu na kushusha ule mlango wa nyuma, ambao sasa ndio meza. Juu yake panapangwa masanduku ya barafu, vyombo vya saladi ya viazi, mikate, na sufuria ya nyama ya nguruwe iliyookwa kwa moshi usiku kucha hadi inachambuka kwa uma. Jenereta inanguruma, televisheni inaonyesha mechi za mikoa mingine, watoto wanarusha vifuko vilivyojazwa punje za mahindi kwenye ubao ulioinamishwa wenye tundu. Jirani ni yuleyule wa mwaka jana na juzi; mahali pa kuegesha pana heshima kama kiti cha mzee barazani. Knoxville ina mtindo wake wa peke yake: uwanja umepakana na mto, na tangu mwaka 1962, mtangazaji George Mooney alipoamua kuja mechini kwa mashua ili kukwepa msongamano wa magari, mashua zimekuwa zikifungwa gatini mamia kwa mamia, watu wanakula na kunywa humo siku nzima. Kundi hilo limebatizwa jeshi la majini la timu.

Halafu iko desturi ya kuhesabu. Kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan, Ann Arbor, kila mechi ya nyumbani tangu Novemba 1975 imekuwa na watu zaidi ya 100,000, ukiacha mwaka wa korona. Mchezo ukielekea mwisho, mtangazaji wa uwanja hutaja idadi ya waliofika na kuwashukuru kwa kuwa sehemu ya umati mkubwa kuliko wowote unaotazama mpira huo popote Marekani siku hiyo. Umati unashangilia. Unajishangilia wenyewe. Wala si upuuzi: kwa mtu aliyesafiri saa tano kuja kukaa mbali kiasi kwamba mpira anauona kwa shida, hicho ndicho kipande cha ushindi ambacho hakuna mchezaji anayeweza kumpokonya. Timu ikifungwa, yeye bado alikuwa mmoja wa wale laki moja na ushei. Septemba 2013, Michigan ilipoipiga Notre Dame 41 kwa 30, mtangazaji alikuwa na watu 115,109 wa kuwataja, na hapo ndipo rekodi ya mpira wa vyuo ilipokaa.

Viwanja vya mpira vilikuwa vimefika kikomo. Aliyetaka kuivunja rekodi hiyo ilibidi atafute pengine.

Nje kidogo ya Bristol, upande wa Tennessee, uko uwanja wa mbio za magari uliofunguliwa mwaka 1961. Njia yake ni ya zege, mzunguko mmoja hauzidi mita 860, imeinama kwenye kona kama ukuta unaotaka kuanguka, na majukwaa yamejengwa kuizunguka pande zote hadi ndani pakawa kama chungu. Magari arobaini yakinguruma humo, watu wanavaa vizibo vya masikio na kuzungumza kwa ishara. Mwaka huohuo wa 1961 timu mbili za kulipwa, za Philadelphia na Washington, zilicheza mechi ya kirafiki mle ndani mbele ya watu wachache, na jambo likasahaulika. Mfanyabiashara Bruton Smith aliununua uwanja mwaka 1996, akaongeza majukwaa mwaka hadi mwaka mpaka ukaweza kuchukua watu wapatao 160,000, na hakuacha kuzungumzia ndoto ya kuzileta Tennessee na Virginia Tech hapo katikati. Wengi waliichukulia kama porojo za mfanyabiashara. Oktoba 2013, mwezi mmoja baada ya rekodi ya Ann Arbor, ikatangazwa rasmi: Septemba 10, 2016. Mchezo ukaitwa Battle at Bristol.

Kazi ya kugeuza uwanja ilikuwa na muda mfupi wa kutisha, maana mbio za usiku za Agosti, zile zinazopendwa kuliko zote, hazikufutwa. Mwaka ule mvua iliziahirisha hadi Jumapili tarehe 21. Magari yalipoondoka tu, malori ya kokoto yakaingia. Ardhi ya ndani ya mzunguko haikuwa tambarare, kwa hiyo ilijazwa tani zipatazo 8,500 za mawe yaliyopondwa, ikashindiliwa, kisha nyasi bandia zikatandikwa juu na milingoti ya magoli ikasimamishwa. Wiki zisizotimia tatu! Juu ya yote ilikuwapo skrini kubwa ya pande nne, mpya mwaka ule, iliyoning'inizwa kwa nyaya hewani katikati ya uwanja. Bila hiyo, wengi wa waliokaa wasingeona kitu. Kati ya mstari wa uwanja na safu ya kwanza ya viti ilipita njia nzima ya magari, na wachezaji kutoka huko juu walikuwa vidoa vya rangi.

Kwa maoni yangu, Bristol ilifaulu si kwa sababu ya kokoto wala skrini. Ilifaulu kwa kuwa watu wa mbio za magari tayari walikuwa na adabu ya kupokea umati. Vilima vinavyouzunguka uwanja ule ni kambi. Kila msimu wa mbio wakazi hukodisha mashamba na nyua zao, magari ya kulala ndani yanapangwa safu kwa safu, bendera zinapandishwa, moto unawashwa, na watu wanakaa siku tatu au nne kabla gari la kwanza halijawashwa injini. Ile desturi ya pikapu na mlango wa nyuma ilikutana na pacha wake. Mtu wa mpira alikuja na sanduku la barafu, mwenyeji wake wa mbio akawa tayari anajua apange wapi, maji yapatikane wapi, na msafara wa magari uondokaje usiku wa manane bila watu kupigana. Mji wenye watu kama 45,000 pande zote mbili za mpaka ukapokea takriban mara tatu ya idadi yake.

Mchezo? Virginia Tech ilianza kwa kishindo, ikaongoza 14 kwa bila, kisha ikaanza kuangusha mipira kama waliopakwa mafuta mikononi, na Tennessee ikashinda 45 kwa 24. Sijakutana na mtu anayeisimulia mechi hiyo kwa matokeo yake. Kinachosimuliwa ni 156,990, idadi iliyotangazwa usiku ule. Watu wa kitabu cha rekodi cha Guinness, ambao wana masharti yao ya kuhesabu, waliandika 130,045. Kwa vyovyote vile Ann Arbor ilikuwa imepitwa, na kila aliyekuwepo alichagua namba ya kumhadithia mjukuu. Nadhani hatuna haja ya kubashiri ni ipi.

Kuna upande mwingine ambao sherehe hufunika. Kila chuo kilihakikishiwa dola zipatazo milioni 4. Wachezaji, ambao kikanuni wakati ule walikuwa wanafunzi wasiolipwa, walipata ada ya masomo, chakula na malazi kama Jumamosi nyingine yoyote. Kanuni zilianza kulegea mwaka 2021, walipoachiwa kuuza majina na picha zao, na tangu 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja. Wengi wa wale wa Bristol walikuwa wamekwishaondoka. Ukitaka kujua rekodi ni ya nani, angalia nani alilipwa siku hiyo.

Si kila uwanja wa ajabu unaleta heri. Novemba 2010, Northwestern na Illinois zilipelekwa Wrigley Field, uwanja mkongwe wa besiboli wa Chicago, na ilipopimwa ikaonekana ukuta wa upande mmoja uko karibu mno na mstari wa mwisho, kiasi kwamba mchezaji akikimbia kufunga angevunja shingo. Ukuta ulivikwa magodoro, bado haukutosha. Ikaamuliwa timu zote mbili zishambulie goli moja; mpira ukihama mkono, watu wanageuka na kuhamia upande mwingine. Illinois ilishinda 48 kwa 27. Ilikuwa burudani, lakini umati wa 41,058 haukuvunja rekodi ya mtu, na waliotamani kurudia walihitaji kwanza kusogeza ukuta.

Jaribio ninaloliona lenye maana zaidi ya yote lilifanyika kwa mchezo mwingine kabisa, kwa kuazima nyumba ya mpira wa vyuo. Nebraska ni jimbo ambalo uwanja wake mkuu, ulioko Lincoln, umeuza tiketi zote za kila mechi tangu Novemba 1962. Lakini wasichana wa voliboli wa chuo hichohicho ndio walikuwa wakileta vikombe, wakicheza kwenye ukumbi wa watu elfu nane. Septemba 2022, Wisconsin iliweka rekodi ya mechi ya kawaida ya voliboli ya vyuo kwa watu 16,833. Nebraska hawakupenda. Agosti 30, 2023, masomo ya darasani yakasitishwa, wavu ukafungwa katikati ya uwanja wa mpira, na watu 92,003 wakaja kutazama Nebraska ikikifunga chuo cha Omaha seti 3 kwa bila. Ilitangazwa kuwa rekodi ya mchezo wa wanawake. Iliyotangulia ilikuwa 91,648, ya Barcelona na Wolfsburg pale Camp Nou mwaka 2022. Waliokaa ni akina baba walewale wa Jumamosi, kwenye viti vilevile walivyorithi kwa wazazi wao, safari hii wamewapakata mabinti. Nikilinganisha na Bristol, hapa namba ilikuwa hoja. Ilimjibu mtu aliyekuwa akisema kwamba wanawake hawajazi viwanja. Miezi miwili haikupita, Iowa wakaweka uwanja wa kikapu nje, ndani ya uwanja wao wa mpira wa Kinnick, na nyota wao Caitlin Clark akacheza mbele ya watu 55,646.

Bristol nao hawakukaa kimya. Agosti 2, 2025 walileta besiboli: Atlanta dhidi ya Cincinnati, ndani ya kile chungu cha zege. Tiketi 91,032 zililipiwa, na rekodi ya mechi ya msimu wa kawaida, iliyodumu Cleveland tangu 1954, ikaangukia kwao. Mvua ikanyesha. Watu walikaa na makoti ya plastiki zaidi ya saa mbili kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, mvua ikarudi kabla raundi ya kwanza haijakwisha, na mchezo ukaahirishwa. Ulimaliziwa Jumapili mchana mbele ya umati uliopungua sana, Atlanta wakashinda 4 kwa 2. Kwenye vitabu vya besiboli mechi hiyo ina mahudhurio mamoja tu, yale ya Jumamosi.