Mbele ya konteri si depo

Wamama wengi tunakumbuka tarehe 2 Februari 2022. Kule Matadi Kibala, Kinshasa, kable ya umeme mkubwa ilikatika ikaangukia sokoni, penye maji ya mvua. Watu 26 walikufa, wengi wao wamama wa soko. Baadaye kila mtu aliuliza: kwa nini soko lilikuwa chini ya waya zile? Swali hilo tuliulize pia nyumbani, maana umeme unadai nafasi yake hata ndani ya kolidoo.

Angalia mahali konteri yako na sanduku la disjonktere vilipo. Mbele yake kuna nini? Gunia la makala, mifuko ya unga, bidoni za maji, tena nguo zimetundikwa kwenye sanduku lenyewe! Tunaelewa, nyumba ni ndogo, na bidhaa ndizo zinalipa shule ya watoto. Lakini siku waya inaanza kunuka kuungua, kitu cha kwanza ni kukata umeme. Na mtoto akishikwa na umeme, usimguse kwa mkono kabla haujakatwa, utashikwa nawe. Sasa hesabu: kuhamisha magunia matatu gizani kunachukua muda gani?

Fundi naye anahitaji mahali pa kusimama. Anafungua sanduku la volti 220, na cheche zikitoka ghafula lazima arudi nyuma bila kujikwaa kwenye sufuria. Marekani sheria yao inataka karibu sentimita 90 wazi mbele ya sanduku, upana usiopungua sentimita 76, na karibu mita 2 kwenda juu. Mlango wa sanduku ufunguke vizuri, na nafasi ile isigeuzwe depo. Sisi si Marekani, ndiyo, lakini mwili wa mtu ni uleule. Mita ya mama mshonaji inatosha kupima.

Chumba hakitoshi kabisa? Anza kuondoa vinavyoshika moto: makala, petroli ya taa, nguo. Halafu bidoni za maji.

Nje kuna kabini ya umeme ya mtaa. Wengine wamebandika kibanda kwenye ukuta wake, wengine wanakaanga mandazi mlangoni kabisa. Kabini ikiharibika, fundi wa SNEL anafika, hana pa kupita, na mtaa mzima unalala gizani. Kumfukuza mama mmoja mmoja si haki, atakula nini? Afadhali kikundi kiende kwa chefu wa avenyu, meza zote zipangwe pamoja upande mwingine, mbali na kabini na si chini ya waya.

Jioni hii, mchana ungalipo, mwite mtoto wako mkubwa. Akuonyeshe kifungo cha kukata umeme kiko wapi, na kama mkono wake unakifikia bila kupanda juu ya kitu.