Siku ya Kuzaliwa kwa Sanaa: Sikukuu Inayoadhimishwa kwa Redio

Zipo sikukuu ambazo sote tumezizoea. Zile za dini tunaziadhimisha kwa sala na kwa chakula, na zile za taifa kwa gwaride na hotuba. Makala haya yanahusu sikukuu ya namna nyingine. Kila mwaka, tarehe 17 Januari, mafundi mitambo, wanamuziki, watangazaji na wasikilizaji wa nchi mbalimbali huungana kwa njia ya redio ili kuadhimisha Siku ya Kuzaliwa kwa Sanaa. Zawadi wanazopeana si nguo wala vyakula, bali ni sauti: mlio wa mlango, mvumo wa mto, ngurumo ya kiwanda, mtu anayenong'ona, au hata ule mkwaruzo wa redio ambao sisi huukimbia upesi kwa kuzungusha kitufe.

Mtu anayesikia habari hii kwa mara ya kwanza huenda akacheka, wala si vibaya. Lakini ni vyema asikilize mpaka mwisho, kwani ndani ya mzaha huu mna jambo linalozihusu sana nyumba za watu ambao kazi yao huwaweka mbali na jamaa zao kwa miezi mingi.

ALIYEIBUNI

Aliyeibuni sikukuu hii ni Robert Filliou, aliyezaliwa Ufaransa tarehe 17 Januari 1926. Katika Vita Vikuu vya Pili, akiwa bado kijana, alijiunga na wapiganaji wa siri waliopinga utawala wa Wajerumani nchini mwake. Baada ya vita alikwenda Marekani, akafanya kazi za kibarua na kusomea uchumi katika Chuo Kikuu cha California, mjini Los Angeles. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliajiriwa na shirika la Umoja wa Mataifa lililoshughulikia ujenzi mpya wa Korea, nchi iliyoharibiwa vibaya na vita. Kwa hiyo Filliou hakuwa mtu asiyejua kazi wala shida. Alikuwa na cheo na mshahara, akaviacha kwa hiari yake, akawa mshairi na msanii.

Mwaka 1963 alitunga hadithi fupi kuhusu asili ya sanaa. Alidai kwamba sanaa ilizaliwa tarehe 17 Januari, miaka milioni moja kabla ya hapo, siku ambayo mtu mmoja alitumbukiza sifongo kavu ndani ya ndoo ya maji. Mtu huyo alikuwa nani, Filliou hakuona kuwa ni jambo la maana. Bila shaka msomaji ametambua kwamba tarehe hiyo ndiyo ile ile aliyozaliwa Filliou mwenyewe, na kwamba miaka milioni moja iliyopita ndoo hazikuwako. Mzaha huo ulikuwa wa makusudi. Mafunzo yake ni kwamba sanaa haikuanzia katika jumba la mfalme wala katika chuo kikubwa. Ilianza pale mtu wa kawaida alipofanya tendo la kawaida, kisha akalizingatia. Ikiwa hivyo ndivyo, basi sanaa si mali ya mabingwa peke yao.

Watoto wa shule wanaweza kufanya hesabu ya umri huo: wachukue mwaka uliopo, watoe 1963, kisha waongeze milioni moja. Sherehe ya hadhara iliyofanyika mwaka 1973 katika mji wa Aachen, uliokuwa Ujerumani Magharibi, iliadhimisha miaka 1,000,010 ya sanaa. Filliou alitamani siku hiyo iwe siku ya mapumziko kwa watu wote. Alifariki mwezi Desemba 1987, bila kuliona tamanio hilo likitimia.

SHEREHE YAINGIA HEWANI

Pamoja na rafiki yake George Brecht, msanii wa Marekani, Filliou alikuwa ameeleza wazo la mtandao wa kudumu. Walisema hakuna msanii awezaye tena kujua kila jambo linalofanywa na wasanii wenzake duniani. Kwa hiyo kila mmoja ajihesabu kuwa ni fundo moja tu katika wavu mkubwa, na kazi yake ni kupokea na kupitisha.

Wazo hilo liliwavutia watu waliokuwa wakifanya majaribio ya mitambo ya mawasiliano. Mwezi Septemba 1982, msanii Robert Adrian, Mkanada aliyekuwa akiishi Vienna, aliongoza jaribio lililoanzia mji wa Linz huko Austria. Kwa saa 24 mfululizo wasanii wa miji ya Ulaya, Amerika, Asia na Australia walipelekeana sauti, picha na maandishi kwa simu, kwa faksi na kwa kompyuta za wakati ule. Leo jambo hilo laweza kufanywa na mtoto mwenye simu ya mkononi. Wakati ule lilihitaji mafundi wengi, subira nyingi na gharama kubwa.

Mwaka 1987 redio ya taifa ya Austria ilianzisha kipindi cha kila juma kiitwacho Kunstradio, yaani redio ya sanaa, chini ya uongozi wa mtangazaji Heidi Grundmann. Kipindi hicho hakikuwa cha kuzungumza juu ya wasanii. Kiliwakabidhi wasanii mitambo yenyewe, ili redio iwe kwao kama ubao ulivyo kwa mchoraji. Baada ya kifo cha Filliou, rafiki zake wa Vancouver nchini Kanada na wenzao wa Vienna waliiendeleza sikukuu yake kwa kupelekeana zawadi za sauti na picha kila Januari. Baadaye kundi la watayarishaji wa sanaa ya sauti katika Umoja wa Utangazaji wa Ulaya liliipokea pia. Redio za umma za Sweden, Ujerumani, Austria, Ufini, Jamhuri ya Cheki na Slovakia ni miongoni mwa zile zilizoshiriki.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza. Jioni ya tarehe 17, kila redio inayoshiriki huandaa onyesho lake, mara nyingi katika ukumbi wenye watu. Sauti za onyesho hilo hurushwa kwa setilaiti, na siku hizi kwa intaneti pia, hadi kwa redio nyingine. Wapokeaji huzitangaza kama zilivyo, au huzichanganya na za kwao na kuzirudisha zikiwa zimegeuka. Kwa njia hiyo msikilizaji aliyeketi jikoni kwake huweza kuisikia miji kadhaa ikicheza pamoja, ingawa wachezaji hawaonani.

SAUTI YAGEUKAJE KUWA SANAA?

Swali hili ni la haki, na majibu yake yana historia ndefu kuliko sikukuu yenyewe. Mwaka 1930 Mjerumani Walter Ruttmann, mtengenezaji wa filamu, alitoa kazi ya dakika kama 11 iitwayo Weekend, iliyotangazwa na redio ya Berlin. Aliitengeneza kwa ufundi wa filamu, lakini haikuwa na picha hata moja. Ilikuwa ni sauti za mji tangu watu wanapotoka kazini mwisho wa juma hadi wanaporudi Jumatatu: mashine, magari, kengele, nyimbo na vipande vya maneno.

Mwaka 1944 zamu ilikuwa ya Mwafrika. Halim El-Dabh, kijana wa Cairo, aliazima kinasa sauti kutoka redio moja ya mjini humo. Chombo hicho kilikuwa kizito, na kilinasa sauti juu ya waya mwembamba kwa kuwa tepu zilikuwa hazijaenea. Alikwenda nacho penye ngoma ya kupunga pepo iitwayo zar. Ngoma hiyo ni ya wanawake, hata ikambidi ajifunike kichwa kama wao ili apate kuingia. Aliporudi studio, aliziondoa sauti nzito za waimbaji, akaacha zile nyembamba za juu tu, kisha akazipitisha katika chumba chenye mwangwi. Kilichobaki kilifanana na upepo unaoimba. Huko Ulaya, kazi za namna hiyo zilikuja kupata jina miaka minne baadaye.

Mwaka huo wa 1948, mhandisi wa redio ya Ufaransa, Pierre Schaeffer, alinasa milio ya garimoshi katika stesheni moja ya Paris na kuitungia kazi iliyosikika hewani mwezi Oktoba. Katika majaribio yake Schaeffer aligundua jambo ambalo kila mmoja wetu anaweza kulielewa. Kengele ikigongwa, tunaitambua kwa ule mgongo wa kwanza. Aliponasa mlio wa kengele na kuuondoa mwanzo wake, akauacha mvumo tu, wasikilizaji hawakuweza tena kusema kwamba ni kengele. Sauti waliyoisikia maisha yao yote ilikuwa imegeuka kuwa ngeni.

Hapo ndipo penye kiini cha sanaa hii. Masikio yetu yamezoea kuuliza, "Ni nini hiyo?" na yakishapata jibu hulala. Sanaa ya sauti huyaamsha. Ni kweli kwamba baadhi ya kazi zake huchosha, na nyingine ni makelele matupu, sawasawa na nyimbo, mashairi na hotuba ambazo si zote zilizo njema. Lakini kosa la mtunzi mmoja si sababu ya kuitupa kazi nzima.

JAMBO LINALOTUHUSU

Askari wa mawasiliano hawatashangazwa na haya. Wao walikwisha kujifunza kutofautisha ujumbe na mkwaruzo, na kumtambua mwenzao hewani kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema. Polisi wa doria ya usiku naye huujua mtaa wake kwa masikio kabla ya kuujua kwa macho. Mlio ukikosekana mahali ulipozoeleka, yeye husimama. Watu wa kazi hizi ni wasikilizaji hodari, ila hawajazoea kuufikiri ujuzi huo kuwa una thamani nyumbani pia.

Mwandishi wa makala haya ni mtoto wa askari polisi. Marehemu baba yake ameacha picha tatu, nishani moja na cheti cha kustaafu. Sauti yake haikunaswa hata mara moja. Wajukuu huuliza, "Babu alikuwa akisema vipi?" nasi tulio wakubwa hujaribu kumwigiza, kila mmoja kwa namna yake, kisha tunabishana. Kikohozi chake alipokaribia mlango alfajiri, na kishindo cha buti zake akizivua barazani, vilikuwa ni habari njema kwa nyumba nzima: baba amerudi salama. Hatukufikiri kwamba siku moja tungevitafuta tusivipate. Picha tulizipiga kwa kuwa tuliambiwa kwamba picha ni kumbukumbu. Hakuna aliyetuambia hivyo juu ya sauti.

Ndiyo maana sikukuu ya Filliou inafaa kufikiriwa hata na watu ambao hawatasikiliza kamwe redio ya Vienna. Inatufundisha kuipokea sauti ya kawaida kama zawadi, na kumpelekea mwingine angali yupo wa kuipokea.

YA KUFANYA NYUMBANI

Mama au baba anaweza kuiadhimisha siku hiyo pamoja na watoto bila gharama yoyote. Kwanza, zimeni redio na televisheni, mkae kimya kwa dakika tano. Kila mtoto aandike sauti alizozisikia, za karibu na za mbali. Mtashangaa kuona kwamba orodha hazifanani.

Pili, chagueni sauti moja mtakayoinasa kwa dakika moja kwa simu. Yaweza kuwa kinu na mchi, mvua juu ya bati, bibi akichambua maharage na kujisemea, au mtoto mchanga akijifunza kucheka. Mwanzoni mtu mmoja ataje tarehe, mahali na majina ya waliopo, kwa sababu sauti isiyo na maelezo huwa kitendawili baada ya miaka 20.

Tatu, mpelekeeni aliye mbali. Askari aliye kazini nje ya nchi hupata salamu nyingi za maneno, lakini mlio wa lango la nyumba yake likifunguliwa humweleza jambo ambalo barua haiwezi kulisema. Naye akiruhusiwa, anaweza kujibu kwa sauti yake mwenyewe. Hapa yafaa tahadhari: asinase kitu chochote mahali panapokatazwa na amri za kikosi, na mtu yeyote asinaswe bila ridhaa yake.

Nne, hifadhini nakala katika vyombo viwili tofauti. Simu huibiwa, huanguka majini na huharibika, na kumbukumbu iliyo katika chombo kimoja tu ni kama nafaka isiyobakizwa mbegu.

Tarehe 17 Januari haiko mbali. Redio za mbali zitapeana zawadi zao kwa mitambo mikubwa. Nasi tulio na mitambo midogo tuanze na mzee aliyeketi barazani leo jioni. Tumwombe aeleze siku yake ya kwanza kazini, nasi tumsikilize hadi amalize, kinasa sauti kikiwa wazi.