Je, Hanang Iliadhibiwa?

Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023, siku Kanisa lilipoanza Majilio, matope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang yakaupiga mji wa Katesh na vijiji kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki. Kwetu Nambis, wilaya jirani ya Mbulu, watu walishinda kwenye simu wakitafuta ndugu.

Krismasi ile, baada ya sala ya jumuiya, mzee mmoja alisema, "Wale walikuwa wamezidi. Mungu kachoka." Kisha akanigeukia: "Au vipi, mwalimu? Si ndiyo unasomea?" Nikanyamaza. Kumpinga mzee mbele za watu siyo kazi ndogo. Lakini kauli hiyo nimeisikia hata hapa chuoni, kwa hiyo leo najibu.

Kwanza, kilichotokea kinaelezeka. Mvua za El Niño zilikuwa nyingi. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba laini ilinyonya maji, ikalemewa, ikameguka. Haikuwa volkano kuamka, kama wengine walivyodai. Tope lile likafuata njia za maji, na humo lilikuta nyumba na maduka.

Pili, Maandiko. Katika Luka sura ya 13, Yesu anataja watu 18 waliouawa na mnara wa Siloamu. Anauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, na anajibu mwenyewe kwamba sivyo. Halafu anawageukia walio hai: watubu wao. Yaani msiba wa jirani siyo cheti cha utakatifu wangu.

Tatu, hata mila zetu. Kabla ya wamisionari, Wairaqw walimwita Mungu Looaa, na walimwona mwema, kama mama. Huyu tunayemwambia leo "kachoka" tumemtoa wapi?

Kuna atakayesema sayansi inamfukuza Mungu. Hapana. Kujua mwamba umemegukaje hakunizuii kusali, kunaniongezea wajibu. Tukishasema "ni dhambi zao", tumefunga mjadala. Hatuulizi tena nani anajenga kwenye mkondo wa maji, miti ya mlimani inalindwaje, wala watoto wanafundishwa kutambua dalili gani za hatari. Na mbaya zaidi, mama aliyezika watoto anabebeshwa na aibu juu yake.

Wanachuo wenzangu wa ualimu, muda si mrefu tutakuwa darasani. Mtoto atanyoosha mkono aulize, "Mwalimu, mama yangu alikosa nini?" Swali hilo halimo kwenye andalio la somo. Jibu ni kwamba hakukosa kitu cha kufia hivyo. Ukishamwambia hilo, ndipo umfundishe udongo na maji.

Yule mzee yupo bado. Nikirudi likizo nitamwamkia, nitakaa naye, na safari hii sitanyamaza.