Breki za Lori la Zamani: Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Vipuri

Wamiliki wa malori yaliyotumika kwa miaka mingi hukabiliwa na ugumu wa kupata vipuri vya breki, hasa pale kiwanda kinapokuwa kimesitisha kuvitengeneza. Hata hivyo, ugumu huo hauhalalishi kufunga kipuri kisicholingana. Lori lenye shehena linaposhuka mteremko mkali kama wa Kitonga, mkoani Iringa, breki hupata joto kali, na kipuri kisichofaa huhatarisha maisha ya watu.

Jina la lori pekee halitoshi dukani. Baadhi ya malori ya zamani yamekwisha kubadilishwa ekseli, hivyo breki zake si zile za awali. Mmiliki anapaswa kwenda na namba ya chasisi, kipuri kilichochakaa, pamoja na vipimo vya kipenyo cha ndani na upana wa ngoma ya breki.

Endapo viatu vipya vya breki havipatikani, fundi mwenye ujuzi anaweza kufunga lainingi mpya kwenye viatu vya zamani, mradi havijapinda wala kupata ufa. Kazi hiyo ifanyike kwa magurudumu yote ya ekseli husika, ili lori lisivute upande mmoja. Vumbi la lainingi za zamani lisipulizwe kwa upepo wa kompresa, kwani huweza kuwa na asbestosi inayosababisha saratani.

Mnunuzi adai risiti, na akibaini kipuri bandia atoe taarifa kwa Tume ya Ushindani.